Mstari Ulioanguka Mwezi wa Tano

Kuna watu wanaochimba visima, kuna wanaonyoa vichwa vya wenzao, na kuna Jedwali, ambaye kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa kuhesabu yaliyoandikwa na wengine. Usicheke. Ungewekwa wewe kwenye kile kiti chake chenye mguu mmoja mfupi, ukapewa makala elfu tisa na ushee za mabingwa wa dunia nzima kuhusu jambo moja tu, ungeomba ruhusa ya kwenda msalani na usingerudi tena.

Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi, ghorofa ya chini, na hutolewa humo mara moja kwa mwaka ili lipigwe mhuri na kurudishwa gizani. Kazini wanamwita Jedwali kwa sababu hawezi kukueleza jambo bila kuchora mistari miwili ya kusimama na mitatu ya kulala. Mkewe alimuuliza siku moja nani na nani wataalikwa harusi ya mpwa wao. Badala ya kujibu, akaenda kutafuta rula.

Chumba chake kiko mwisho wa maktaba ya taasisi, ghorofa ya tatu, dirisha likitazamana na matangi ya maji ya jengo la jirani. Kuna meza mbili, kompyuta mbili, feni inayozungusha vumbi lile lile tangu asubuhi, na mashine ya kopi ambayo kwa karatasi ni mali ya taasisi, lakini kwa vitendo ni mali ya Mama Kopi. Huyu mama amekaa na ile mashine miaka kumi na minane. Akiipiga kofi ubavuni inafanya kazi. Ukiipiga wewe, inakutolea karatasi nyeusi tititi na kukwama.

Kazi iliyomchosha Jedwali kuliko zote alipewa na Daktari. Huyu ni daktari wa vitabu, si wa sindano, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye mwendo wa haraka na viatu ambavyo huvivua chini ya meza akidhani hakuna anayeona. Daktari anachunguza wanachochunguza wenzake. Yaani, huko duniani mabingwa wanatafiti jinsi nchi, viwanda na miji inavyoweza kutoa hewa ya ukaa kiasi kile tu kinachoweza kurudishwa, kwa miti au kwa mitambo, mpaka hesabu itoke sifuri. Yeye anawatafiti hao mabingwa: nani kaandika, mwaka gani, kutoka nchi ipi, kashirikiana na nani, na neno lipi limeanza kuvuma. Wenye shule zao wana jina refu la shughuli hiyo. Jina fupi ni umbea wenye takwimu.

Kulikuwa na programu ya kuzipanga makala hizo kwa sekunde kumi, na kweli ilizipanga kwa sekunde kumi. Makala za mikoko ikaziweka kwenye usafiri wa baharini. Makala moja kuhusu ng'ombe na gesi ya matumbo yao ikaitupa kwenye majengo. Daktari akaangalia, akafunga kompyuta, akasema, "Mzee wangu, soma wewe."

Basi Jedwali akasoma. Kwa miaka miwili alisoma muhtasari wa kila makala, ile aya moja ya juu ambayo mwandishi hukazana kuonyesha kwamba hakupoteza muda wake, kisha akaitia kwenye mojawapo ya mafungu kumi na manne aliyoyabuni mwenyewe. Misitu. Jua na upepo. Kunasa ukaa na kuuzika chini ya ardhi. Saruji na chuma. Sheria na ahadi za serikali. Na kadhalika, hadi la kumi na nne, "Mengineyo", ambamo aliweka zile zinazosema kwa kurasa ishirini kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Akawa anawajua mabingwa kama mtu anavyowajua majirani kwa nguo wanazoanika. Aliona walivyoanza na miti, wote miti, miti tupu. Wakachoka na miti wakahamia kwenye jua. Mmoja akaandika kuhusu hidrojeni, na kufumba na kufumbua mtaa mzima ukawa kwenye hidrojeni, kama watu waliosikia kuna duka jipya. Mwaka juzi kila mtu alikuwa na miji. Mwaka jana, kompyuta zinazofikiri zenyewe. Na kwenye jedwali lake la nchi aliona pia kwamba sehemu zilizotajwa sana kuwa zinaungua jua ndizo zilizokuwa na waandishi wachache. Hilo halikumshangaza. Hata nyumbani kwake anayezungumziwa zaidi ni yeye, na anayezungumza kidogo ni yeye.

Lakini miaka miwili ya aya moja moja humla mtu. Shingo ilimkakamaa upande wa kushoto. Macho yalimwasha kuanzia saa nne asubuhi. Alifika mahali akisikia mtu anasema "kwa kuhitimisha", mwili mzima unalegea kama wa punda aliyeona zizi.

Alichokuwa anakingojea ni likizo.

Siku ishirini na nane, kuanzia Jumatatu ya tarehe tatu mwezi wa kumi na mbili. Likizo ya mwaka wa kwanza aliiahirisha kwa sababu ya ukaguzi, ya pili kwa sababu maktaba ilihamishwa rafu, ya tatu na ya nne kwa sababu ya hao mabingwa. Na kanuni ya taasisi haina huruma: isiyochukuliwa mpaka mwaka unakwisha, inafutwa, na hakuna wa kumlilia.

Safari hii aliapa. Alikuwa anakwenda kwa dada yake, mwendo wa siku mbili kwa basi. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, Jedwali akiwa na miaka sita. Sasa dada ana miaka sabini na moja na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazimika. La kulia linaingia ukungu mwezi hata mwezi, na hospitali imemwambia wazi kwamba dawa zinachelewesha tu, hazirudishi. Alikuwa amempigia mdogo wake simu akamwambia neno moja lililomkosesha raha: "Njoo nikuone kabla hujawa sauti tu."

Ijumaa, siku ya mwisho kazini, Daktari alimwekea mezani rasimu ya ripoti yake. Kurasa sitini na nne, zikiwa bado na joto la printa.

"Mzee wangu, pitia majedwali tu. Ukiridhika weka saini hapa chini, halafu sitaki kukuona. Saa sita uwe umeshaondoka."

"Saa tano na nusu, Daktari."

"Hata vizuri zaidi."

Akaketi, akavaa miwani, akaanza. Jedwali la kwanza sawa. La pili sawa. La tatu lilikuwa na nukta iliyokaa mahali pa mkato, akaitia duara. Akafika kwenye ukurasa wa arobaini na moja, penye mchoro mkubwa wa ripoti nzima: makala ngapi ziliandikwa kila mwaka.

Mstari ulianzia chini kabisa, makala tatu. Ukatambaa miaka kumi kama mtoto mchanga, ukasimama, ukatembea, ukaanza kukimbia. Mwaka jana ukafika makala 2,740. Halafu mwaka huu ukaanguka hadi 811, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Chini yake Daktari alikuwa ameandika sura nzima, kurasa kumi na mbili, kichwa chake "Dunia Inachoka". Alikuwa ameandika vizuri, hilo lazima lisemwe. Alieleza jinsi mabingwa walivyokimbia, mataifa yakaahidi, ahadi zikapigiwa makofi, na sasa wanaanza kutawanyika kimyakimya kama wageni waliogundua chakula hakitoshi. Kwa sababu ya sura hiyo, Daktari alikuwa amealikwa kuzungumza kwenye mkutano wa kimataifa mwezi wa kwanza. Wengine wote wanasema utafiti unaongezeka. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na jambo jipya.

Jedwali alisoma akitikisa kichwa kukubali. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, kwa nini dunia isichoke?

Ila ile namba. Ana ugonjwa mmoja: namba aliyoiandika kwa mkono wake haimtoki. Nane, moja, moja. Akafungua droo, akatoa daftari lake la jalada gumu. Haamini kompyuta, kwa hiyo kila alichokipakua amekiandika humo pia. Akapekua kurudi nyuma, mwezi wa tisa, wa saba, wa sita. Akaona.

*Makala 811. Zimepakuliwa tarehe 14 mwezi wa tano. Usajili unakwisha. Rudi kuchukua zilizobaki.*

Mwandiko wake. Na chini ya "rudi" amepiga mstari kwa rula.

Mambo yalikuwa hivi. Maktaba haina hizo makala. Huingia kwenye hifadhi ya nje kwa usajili wa mwaka, na usajili huo ulikuwa unakaribia kufungwa. Ndiyo maana alizichukua haraka mwezi wa tano, zile zilizokuwa zimeshatoka. Mlango ukafungwa. Ukafunguliwa tena mwezi wa tisa, akiwa amezama kwenye saruji na chuma, wala hakurudi nyuma kufunua ukurasa. Kwenye kompyuta faili akaliita kwa mwaka wake tu, kana kwamba mwaka umekamilika. Daktari akalikuta pale, akalichukua. Mwaka wenye miezi minne na nusu ukasimamishwa mstari mmoja na miaka yenye miezi kumi na miwili, halafu ukachekwa kwa ufupi wake.

"Mbona umekaa kama mtu aliyemeza kifuniko cha kalamu?" Mama Kopi aliuliza kutoka upande wa mashine.

"Mwaka huu haujaanguka."

"Mwaka gani tena?"

"Huu. Mimi ndiye niliyeukata."

Mama Kopi akaja akafuta mikono kwenye khanga, akautazama mchoro, akalitazama daftari. Si msomi, lakini miaka kumi na minane ya kutoa kopi za tasnifu si mchezo. Alielewa kabla Jedwali hajamaliza kueleza.

"Nani mwingine anajua?"

"Daftari."

"Daftari halisemi. Lete hapa nilitolee kopi, halafu nipoteze lenyewe."

"Mama Kopi, huu si utani."

"Na mimi sitanii, kaka yangu. Hebu nikuulize. Hao wa ukaa wakisoma kwamba wamechoka, kutatokea nini?"

"Wakubwa watasema, tazameni, hata wasomi wameachana nalo, na sisi tuachane nalo."

"Kwani sasa hivi wamelishika?"

Jedwali alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Na ukimwambia Daktari, hizo zilizobaki atazisoma nani?" Mama Kopi aliendelea. "Mimi? Umeona sasa. Funga daftari, weka saini, panda basi. Ukirudi mwakani utaligundua kosa kwa mshangao mkubwa. Mimi nitakusaidia kushangaa. Nitapiga hata ukelele."

Simu ikalia. Alikuwa dada.

"Wewe kijana." Jedwali ana miaka hamsini na saba. "Nimeshatandika kitanda chako."

"Dada, leo ni Ijumaa. Nafika Jumanne."

"Najua leo ni Ijumaa, siku sijazisahau. Nimetandika mapema kwa sababu natandika kwa kupapasa. Shuka limenigeukia mara tatu. Sikiliza, hujanunua miwani mipya?"

"Sijanunua."

"Usinunue. Njoo na ile ninayoijua. Sitaki kuanza kuzoea sura ngeni na jicho moja."

"Dada..."

"Nini?"

"Hakuna. Basi, nimesikia."

"Sauti yako imechoka. Utalala huku. Hakuna atakayekuamsha."

Alipokata simu, akaivuta rasimu karibu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari wa nukta nukta: *Majedwali yamehakikiwa na*. Amesaini mistari ya namna hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Amewahi kukosea, nani hajakosea. Lakini alikuwa hajawahi kusaini kosa linalomtazama usoni. Akashika kalamu, akaisogeza kwenye nukta ya kwanza. Mkono ukakaa pale, haushuki, haupandi. Mama Kopi akajifanya anatafuta karatasi.

Jedwali akatupa kalamu mezani, akabeba daftari kwapani, akatoka.

Daktari alikuwa peku chini ya meza, kama kawaida, na kikombe cha chai kilichopoa pembeni.

"Umemaliza? Hongera! Nenda, mzee wangu, nenda zako."

"Daktari, ule mwaka wa mwisho si mwaka."

"Kivipi?"

Akamfungulia ukurasa, akaweka kidole. Daktari alisoma. Akarudia kusoma.

"Mwandiko huu ni wako," akasema mwishowe.

"Ni wangu."

"Nimeandika kurasa kumi na mbili juu ya mwandiko wako."

"Ndiyo, Daktari."

"Nimeshawatumia muhtasari. Wameshauchapa kwenye ratiba." Akajisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Na mimi sikuuliza. Msomi mzima, nikaona mstari umeanguka, nikafurahi. Sikuuliza hata tarehe."

Jedwali angependa afokewe. Mtu akifokewa anajua pa kuweka mikono yake.

"Tunaweza kuukata huo mwaka," alisema. "Mchoro uishie mwaka jana. Ni kazi ya dakika mbili."

"Nikiukata wataniuliza kwa nini niliwaandikia kwamba unashuka. Lazima nisimame na namba mkononi, niseme nilikosea na ukweli ni huu. Ripoti inatakiwa tarehe ishirini na moja." Akavuta kompyuta, akaingia kwenye hifadhi, akaandika maneno ya kutafutia, yale yale, kuanzia pale mwezi wa tano yalipokatikia. Namba ikatokea: 1,906. Wakaitazama wote wawili kama ankara ya mtu mwingine.

"Mafungu yako kumi na manne," alisema Daktari, "mimi nayajua vizuri matano."

"La tisa na la kumi hata mimi huyachanganya."

"Siwezi kukuambia ubaki. Likizo nimeisaini kwa mkono wangu."

"Hujaniambia," alisema Jedwali. Na hakuongeza neno, kwa sababu angeongeza angelia, na karani wa miaka hamsini na saba akilia ofisini kwa mkubwa wake, lazima kuna fomu inayotakiwa kujazwa.

Mkewe alipopewa habari hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa anachambua. "Nilijua. Sikufungasha hata soksi." Baadaye kidogo akasema, "Umeshamwambia wifi?" Hakuwa amemwambia. Mkewe akamsogezea simu.

Dada alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Tisa."

"Kati ya?"

"Ishirini na nane."

"Kutoa nilikufundisha mimi," alisema dada, "kwa vijiti, pale mlangoni. Sikujua ipo siku utanitoa mimi."

Jedwali aliihamishia simu sikio la pili.

"Kosa ni la nani?"

"Langu, dada."

"Basi lirekebishe. Lakini usinipigie mpaka umemaliza. Sitaki kuizoea sauti."

Akakata.

Kwa hiyo Jumatatu, saa ambayo alitakiwa awe dirishani kwenye basi, Jedwali alikuwa kwenye kiti chake cha mguu mfupi akisoma kuhusu mabaki ya mpunga. Daktari alihamia meza ya Mama Kopi, akapewa masharti: asiguse mashine, asiweke chai juu ya karatasi, na akivua viatu avipange. Walipakua zote asubuhi hiyo, tarehe tatu, na safari hii Jedwali aliandika tarehe kwenye daftari, kwenye jina la faili, na kwenye karatasi aliyoibandika juu ya kioo cha kompyuta, pale ambapo hata kipofu angeigonga na paji la uso.

Walisoma. Hakuna cha kusimulia kuhusu kusoma mihtasari elfu moja mia tisa na sita, na anayekwambia kipo hajawahi kufanya. Siku ya tatu maneno yalianza kumcheza. Siku ya saba aligundua amesoma makala moja mara nne na kuitia kwenye mafungu mawili. Siku ya kumi alilala mchana akiwa ameketi wima, kidole juu ya kibonye, na skrini nzima ikajaa herufi moja. Mama Kopi akamfunika mabega kwa mfuko wa bahasha, akazima feni, akakaa mlangoni akiwaambia wasomaji kwamba ndani kuna ukaguzi.

Mara moja moja walibishana, ndiyo starehe waliyokuwa nayo.

"Hii ni miji," Daktari angesema.

"Ni saruji."

"Inazungumzia majengo ya mjini, mzee wangu."

"Inazungumzia saruji iliyokwenda mjini. Fungu la nne."

Kulikuwa na mambo mapya humo, kwa wenye nguvu za kushangaa. Ile hidrojeni imepungua, watu wamehamia kwenye udongo, ule ule wa kulimia. Nchi sita ambazo hazikuwahi kuwa na mwandishi hata mmoja zilikuwa na wawili watatu. Na alimkuta tena mtu mmoja wa mikoko, ambaye kila mwaka kwa miaka kumi na tisa ameandika makala moja, ya mikoko, ya ghuba ile ile, akipima matope yale yale kwa kijiti kilekile. Mwaka huu makala yake ilitoka mwezi wa nane. Kwenye ule mchoro wa kwanza alikuwa amehesabiwa miongoni mwa waliochoka wakaondoka. Jedwali aliiweka kwenye fungu lake, akakaa kidogo akiitazama, kisha akaendelea na inayofuata.

Ijumaa tarehe ishirini na moja, saa tisa alasiri, walijumlisha. 811 na 1,906. Makala 2,717, na mwezi haujaisha. Mwaka jana 2,740.

Daktari alichora upya. Mstari ulipanda kama zamani, ukafika mwaka jana, na mwaka huu haukuanguka wala haukupanda. Ukalala tambarare.

"Dunia haikimbii tena," alisema Daktari.

"Lakini haijaondoka."

"Hiyo haitaki kurasa kumi na mbili."

"Haitaki."

Daktari alizitia kivuli kurasa zote kumi na mbili kwenye kompyuta, na alipobonyeza kufuta alitazama matangi ya maji nje. Akaandika ukurasa mmoja, aya ya kwanza ikieleza kosa bila kumtaja karani yeyote. Jedwali alimlazimisha aongeze chini ya mchoro, kwa herufi zinazosomeka: *hadi tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili*. Kisha akaweka saini. Daktari akampa mkono, akataka kusema kitu, akaishia kusema, "Safari njema, mzee wangu." Mama Kopi alisema mengi zaidi, lakini hayaandikiki.

Alisafiri Jumamosi alfajiri, akafika Jumapili mchana, magoti yamekaza na vumbi limejaa masikioni. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, uso ameuelekeza kwenye mwanga.

"Usiseme kitu," alisema aliposikia hatua. "Simama hapo juani. Rudi nyuma kidogo. Geuka. Hapo hapo."

Jedwali akasimama na begi lake mkononi kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Dada akainamisha kichwa upande mmoja, akakirudisha, akakipeleka upande wa pili.

"Naona bega," akasema. "Naona kitu cheupe, nadhani ni shati. Hiyo hapo juu ni pua?"

"Ni pua, dada."

"Ilikuwa ndogo."

Kisha sauti ikamshuka. "Mwezi uliopita jirani alikuja nikamwona mpaka vifungo. Wewe ungekuja ile Jumanne ningekuona makunyanzi."

"Ninayo mengi."

"Njoo karibu."

Akachuchumaa mbele yake. Dada akampapasa uso kwa viganja, paji, mashavu, miwani ile ile, kidevu kisichonyolewa siku mbili. Baadaye akamvutia kiti, akamketisha, akamletea maji kwa kufuata ukuta, naye alijua asimsaidie.

"Haya. Hiyo dunia yenu imeanguka au haikuanguka?"

"Haikuanguka. Imelala tambarare."

"Na moshi umepungua?"

"Bado wanaandika, dada."

"Wao wanaandika, na wewe unawahesabu wanaoandika."

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Na mimi ndiye niliyekupeleka shule kwa mkono." Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Lakini ilitoka sawasawa? Hesabu?"

"Ilitoka sawasawa."

"Hakuna kosa tena?"

"La kwangu, hapana."

Dada akaguna, akaanza kumweleza habari za majirani, nani kahama, nani kajenga ukuta mpaka njiani, nani anajidai haoni wakati anaona vizuri kuliko wote. Alikuwa katikati ya ukuta aliposikia pumzi ya mdogo wake imebadilika. Amelala, akiwa ameketi wima, glasi ya maji mkononi.

Akamtoa glasi mkononi taratibu akaiweka chini. Akakivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Jua lilikuwa bado juu, linaingia moja kwa moja mlangoni. Akasogeza uso karibu kabisa na uso wa yule mzee wake mdogo, akalifumba jicho lililokufa, na kwa lile lililobaki akaanza kumtazama kipande kwa kipande, kuanzia kwenye paji, bila haraka.